Waliovua na Waliovaa: Kiatu katika Ngoma za Kisasa za Ukanda wa Shaba



Swali nililopewa ni fupi: wachezaji wa kwanza wa dansi ya kisasa walivaa viatu gani? Ukimuuliza mtu aliyesoma historia ya dansi katika vitabu vya Ulaya na Marekani, atakujibu kabla hujafunga mdomo: hawakuvaa. Walicheza miguu mitupu, na kwa hilo walijulikana. Ukilipeleka swali hilohilo kwenye miji ya migodi ya ukanda wetu wa shaba, wa upande huu wa Kongo na wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, jibu linageuka. Huku ngoma iliyohesabiwa kuwa ya kisasa ilichezwa na vijana waliovaa viatu vya ngozi, tena vilivyopigwa rangi vikang'aa.

Miaka ni ileile, nusu ya kwanza ya karne ya 20. Nitadai jioni hii kwamba aliyevua kule na aliyevaa huku walifanya tendo moja: kila mmoja aliukataa mguu aliopangiwa na wakubwa wake. Na nitadai jambo la pili, ambalo huenda likawaudhi baadhi ya walimu wa dansi walioko hapa. Desturi ya kumwambia kijana wa Kolwezi anayetaka kujifunza dansi ya kisasa kwamba kwanza avue viatu imefika kwetu ikiwa imebeba ugomvi wa watu wengine. Si vibaya kuipokea. Ila tujue tumepokea nini.

Nianze na hao watu wengine.

Baleti ya karne ya 19 ilijengwa juu ya kiatu. Mwaka 1832, mjini Paris, Marie Taglioni alicheza La Sylphide akisimama kwenye ncha za vidole, na tangu hapo mwanamke wa jukwaani akawa kiumbe asiyeikanyaga ardhi. Kiatu chake kilikuwa chepesi, cha satini, kimeimarishwa kwa nyuzi kwenye ncha. Baadaye mafundi wakakiwekea ncha ngumu ya vitambaa na gundi. Ndani humo vidole vilibanana, kucha ziling'oka, damu ilitoka, na mtazamaji hakutakiwa kujua lolote. Kiatu kile kazi yake ilikuwa kuificha kazi ya mguu.

Isadora Duncan, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1877, hakukubali. Alivuka bahari kwenda Ulaya mwaka 1899, akashinda makumbusho akitazama vyungu na sanamu za Wagiriki wa kale, akavua korseti, akavua viatu. Kaka yake Raymond naye alijivika nguo za Kigiriki na kutengeneza ndara za ngozi, akatembea nazo mitaani watu wakimshangaa. Mwaka 1904 Isadora alicheza Bayreuth, kwenye tamasha la muziki wa Wagner, na mwisho wa mwaka huohuo akafika Saint Petersburg. Popote alipofika, mguu wake ulizua gumzo. Waliomfuata au kwenda naye sambamba ni wengi: Ruth St. Denis kule New York mwaka 1906, Maud Allan mjini Vienna mwaka huohuo na London mwaka 1908, Mary Wigman wa Ujerumani na ngoma yake ya mchawi mwaka 1914. Wote pekupeku.

Kuna kisa kimoja cha wakati huo ninachokipenda kupita vyote. Mwaka 1907 mtunzi wa dansi wa Kirusi, Michel Fokine, alitunga kazi iitwayo Eunice yenye mandhari ya kale. Alitaka wachezaji wake wacheze miguu mitupu. Ukumbi ulikuwa Mariinsky, ukumbi wa mfalme wa Urusi, na mguu mtupu haukuruhusiwa humo. Basi Fokine akawaacha na soksi zao ndefu za kubana, akaagiza vidole vichorwe juu ya soksi, kidole kwa kidole, na vifundo na magoti vipakwe wekundu, ili mtu aliyekaa mbali adhani anaona ngozi. Sijui kiatu kingine cha ajabu kama kile. Wachezaji walivaa picha ya miguu yao wenyewe.

Kuvua viatu kulibadilisha dansi yenyewe, wala halikuwa suala la maonyesho tu. Mguu mtupu hushika mbao. Mchezaji anaweza kuanguka na kuinuka bila kuteleza, anaweza kusukuma sakafu na kuisikia ikimrudishia nguvu. Martha Graham, ambaye kazi yake Lamentation ya mwaka 1930 inachezwa karibu yote mtu akiwa ameketi kwenye benchi, alijenga mfumo mzima wa mafunzo juu ya uzito wa mwili kuelekea chini, na wanafunzi wake walifanya kazi bila viatu. Malipo yake wachezaji wanayajua. Ukizunguka kwenye ngozi kavu, nyayo hupasuka, hasa pale chini ya vidole, na mpasuko huo hufunguka upya kila siku ya mazoezi. Wanaufunga kwa plasta, wanaupaka mafuta usiku, wanarudi asubuhi. Baada ya miaka michache unapata sugu nene inayozunguka vizuri kuliko soli yoyote. Uhuru wa Isadora ulikuja na sugu.

Sasa tazameni mguu mwingine uliokuwa ukionyeshwa Ulaya wakati huohuo. Mwaka 1897, Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho ya Tervuren. Walijengewa vijiji bustanini, wakatazamwa na umati siku nzima wakipika, wakipiga makasia, wakicheza. Saba kati yao walikufa, wakazikwa hukohuko. Miguu mitupu ya watu wale ilikuwa sehemu ya hoja ya mfalme: watazameni, bado hawajastaarabika, niacheni niendelee. Haikupita hata miaka kumi, na mguu mtupu wa mwanamke wa Kimarekani, juu ya zulia, mbele ya wenye tiketi, ukaitwa uhuru na sanaa. Simlaumu Isadora kwa hili, hakuwa Tervuren. Ninachosema ni kwamba mguu mtupu hauna maana yake wenyewe. Maana inatoka kwa anayeutazama, na kwa swali la nani alikuwa na kiatu cha kuvua.

Hapo ndipo tunarudi kwetu, na inabidi tupitie pwani, kwa sababu ngoma ya viatu ilikuja kwa njia ileile iliyoleta lugha ninayozungumza nanyi.

Katika miji ya Waswahili ya karne ya 19 kiatu kilikuwa cheo. Muungwana alivaa makubadhi ya ngozi, bibi wa nyumba alitembea uani kwa mitalawanda ya mti. Mtumwa alikwenda pekupeku, kichwa wazi, na hakutakiwa kujifananisha na bwana wake. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897 (mwaka uleule wa Tervuren, kwa bahati mbaya au nzuri), jambo la kwanza ambalo wengi walilifanya wakipata senti lilikuwa kujivika: kanzu, kofia, kanga mpya, mwavuli, viatu. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kirefu jinsi mavazi yalivyokuwa njia ya watu wale kutangaza kwamba wao si mali ya mtu tena. Waliowadharau kwa kujipamba hawakuwa wachache, lakini waliodharauliwa hawakurudi kuvua.

Katika hali hiyo ikazaliwa ngoma ya beni, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890. Vikundi viwili vinashindana, kila kimoja na bendi yake, mfalme wake, maofisa wake, gwaride lake. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam wakaja Marini na Arinoti, Marini wakijinadi kwa sare nyeupe za kibaharia na usafi wa kupindukia. Terence Ranger aliyeandika kitabu kizima juu ya ngoma hii mwaka 1975 anaonyesha ilivyosafirishwa na vita. Askari na wapagazi wa 1914 hadi 1918 waliibeba kutoka pwani hadi Tabora, hadi maziwa makuu, hadi Nyasa. Wanajeshi wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora mwaka 1916. Vita vilipoisha, ngoma ikafika Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, ikaitwa mbeni, ikaota mizizi kwenye kambi za wafanyakazi.

Hapa nataka tuutazame mguu kwa karibu. Askari wa Kiafrika wa vita ile, awe wa King's African Rifles (KAR) ya Waingereza au wa Force Publique ya Wabelgiji, kwa kawaida alipigana pekupeku. Alipewa bunduki, kofia, kaptula, mshipi. Buti zilikuwa za ofisa mzungu. Wakubwa walikuwa na sababu zao nzuri za kusema: Mwafrika amezoea, buti zitamchubua, gharama ni kubwa. Halafu askari huyo anaingia kwenye ngoma ya mbeni, na katika ngoma anakuwa kapteni, anakuwa gavana, na gavana hana budi kuwa na viatu. Ngoma ilimpa kile ambacho jeshi lilimnyima. Wazungu waliotazama walicheka, wakaandika kwamba ni uigaji wa kitoto. Wakoloni wengine hawakucheka. Katika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) ya miaka ya 1920 utawala wa Kibelgiji ulivitilia shaka vyama hivi vyenye vyeo vya Kizungu, na wafanyakazi wa migodi ya ng'ambo walipogoma mwaka 1935, tume iliyochunguza mgomo ilitaka kujua chama cha mbeni cha Mufulira kilikuwa na mkono gani. Watu wanaojua kupanga gwaride wanajua pia kupanga mgomo.

Kolwezi yenyewe ni ya baadaye kidogo, mji uliopangwa na kampuni ya migodi ya Union Minière miaka ya 1930, na wengi waliokuja kuujaza walikuwa wamepitia migodi mingine kwanza. Kampuni ilikuwa imebadili sera mwishoni mwa miaka ya 1920: badala ya kuleta wanaume wa mkataba mfupi wanaorudi kwao, ikawaweka pamoja na wake na watoto, ikajenga zahanati, shule, vilabu, ikaunda bendi za tarumbeta. Jumapili ikawa siku ya kuonekana. Wiki nzima mtu amevaa nguo ya kazi iliyojaa udongo mwekundu. Jumapili anatoka na suruali iliyopigwa pasi. Msishangae basi kwamba ngoma zilizostawi katika maisha hayo zilikuwa ngoma za viatu.

Maelezo bora niyajuayo ya ngoma ya namna hii hayakuandikwa upande wetu wa mpaka, bali Luanshya. Mwaka 1951 mtaalamu wa jamii J. Clyde Mitchell alitazama kundi la kalela, akachapisha kijitabu juu yake mwaka 1956. Kalela ni binamu wa mbeni, imekuja mjini kutoka upande wa ziwa Bangweulu, na wachezaji wale walikuwa Wabisa, wengi wao vibarua. Mitchell anawaeleza hivi: vijana wa miaka ishirini na kitu, suruali za kijivu zilizonyooshwa, fulana safi, viatu vilivyong'arishwa vizuri. Katikati kuna ngoma kubwa zilizotengenezwa kwa mapipa ya mafuta na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Wachezaji wanazunguka mapipa kwa mstari mmoja, wakiburuta hatua fupifupi. Kuna mfalme aliyevaa suti, ambaye hachezi. Kuna daktari mwenye joho jeupe la chumba cha upasuaji lenye msalaba mwekundu kifuani. Na kuna nesi, mwanamke pekee kundini, kavaa meupe, anapita kwa kila mchezaji akiwa na kioo na kitambaa, ili mchezaji ajitazame na kujifuta jasho.

Mimi nesi huyu hunisimamisha kila ninaposoma. Fikirini: ngoma inaendelea, vumbi linapanda, na katika utaratibu wa ngoma yenyewe ametengwa mtu ambaye kazi yake ni unadhifu wa wachezaji. Usafi haukuwa maandalizi ya ngoma. Ulichezwa humo humo. Na kiatu ndicho kilichokuwa hatarini zaidi, kwa sababu kiko chini, kwenye vumbi, na hatua ya kalela ni ya kuburuta. Anayeburuta mguu kwenye udongo wetu kwa nusu saa na kutoka na kiatu kinachong'aa ameonyesha ufundi. Hatua lazima iwe fupi, uzito uwe juu ya nyayo nzima, kisigino kisipige. Ukipiga kisigino unajirushia vumbi mwenyewe. Mtunzi wa dansi wa leo angesema kiatu kimeitunga hatua, na angekuwa sahihi.

Wasomi waligombana juu ya viatu hivyo. Mitchell aliviona kuwa ishara ya watu kupima heshima kwa kipimo cha Kizungu. Mwaka 1971 msomi wa Afrika Kusini, Bernard Magubane, alimshambulia yeye na wenzake kwa ukali: mnatazama nguo na kusema Mwafrika anamtamani mzungu, mnasahau kwamba aliporwa ardhi, akaletwa mgodini, na duka la kampuni ndilo alilowekewa mbele. Miaka ya karibuni James Ferguson, aliyefanya utafiti hukohuko kwenye ukanda wa shaba, akasema kuvaa kama mkubwa kunaweza kuwa dai: na mimi ni mtu wa dunia hii, nihesabuni. Mimi niko karibu na Ferguson, lakini Magubane ana neno ambalo halijibiki kirahisi, kwa sababu kiatu kile kilinunuliwa kwa mshahara wa kibarua, na mshahara wa kibarua ulikuwa kichekesho. Magubane mwenyewe hata hivyo hakutazama hatua. Wote watatu waliandika juu ya kiatu kana kwamba kiko dirishani kwa muuzaji, wakati kilikuwa kikicheza.

Huwa ninaulizwa juu ya buti za mpira, kwa hiyo niseme kidogo. Ile ngoma maarufu ya kupiga buti kwa viganja haikuanzia kwetu. Ni ya Afrika Kusini, inaitwa isicathulo, na inasimuliwa kuwa ilianza katika misheni za Natal kabla ya kupata buti za mpira bandarini na kwenye migodi ya dhahabu. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey, yuleyule aliyemrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda hapo Jadotville mwaka 1952, aliiweka katika kitabu chake cha ngoma za migodi ya Witwatersrand kilichotoka mwaka huohuo. Kila baada ya muda mtu hunijia na wazo la kuifundisha Kolwezi kama urithi wa mchimbaji. Ifundisheni mkipenda, ni ngoma nzuri, lakini msiiite yetu.

Sasa kuna watakaosema: hayo yote, mbeni na kalela, ni ya kambi na ya mzungu; ngoma ya kwetu ya asili ilikuwa ya mguu mtupu, kwa hiyo mwalimu anayetuvua viatu anaturudisha nyumbani. Ningewaomba wanaosema hivyo waende Sandoa, Dilolo au Kapanga, humu humu katika jimbo letu la Lualaba, wakati wa mukanda, jando la Wachokwe na jamaa zao. Makishi, yaani wacheza vinyago, wanapotoka, mnaona kichwa cha kinyago, lakini mafundi wa vazi watawaambia kazi kubwa iko chini ya shingo. Ni vazi la nyuzi za magome, limefumwa kwa mafundo likaukaza mwili mzima, mara nyingi lenye mistari ya rangi nyeusi, nyekundu na nyeupe, nalo hushuka mikononi na miguuni. Kwenye vifundo hufungwa njuga. Mguu umefunikwa kwa sababu mguu unamfichua mtu. Mtoto anaujua mguu wa baba yake, mke anaujua wa mumewe. Ukiuacha wazi, likishi anakoma kuwa mzimu aliyefufuka na kuwa jirani aliyevaa mbao usoni.

Kwa hiyo kabla ya kampuni, kabla ya mbeni, kabla Isadora hajavuka bahari, tayari wacheza ngoma wa eneo hili walikuwa na elimu kamili ya kuvika mguu kwa ajili ya kucheza. Anayesema Mwafrika kwa asili hucheza pekupeku amejifunza hilo Tervuren, hata kama hajui. Mwaka 1958 wakoloni walirudia maonyesho yao mjini Brussels, na pamoja na kijiji cha Wakongo cha kutazamwa lilikuwepo onyesho kubwa la jukwaani la ngoma kutoka pembe zote za koloni, Changwe Yetu, lililoanzia Élisabethville miaka miwili nyuma wakati Union Minière ikisherehekea miaka 50. Vijana wa kalela na suruali zao za kijivu hawakufaa kwa onyesho la namna ile. Ngoma ilitakiwa ionekane imetoka msituni asubuhi hiyo.

Na leo?

Dansi ya kisasa kwa maana ya leo ilifika Kongo kwa njia ya mzunguko, na sehemu moja ya njia hiyo inapita Nairobi. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alikuwa huko uhamishoni miaka ya 1990, na pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen wakaanzisha kundi la Gàara. Kazi yao Cleansing ilipata tuzo kwenye mashindano ya dansi ya Afrika mjini Luanda mwaka 1998. Mwaka 2001 Linyekula alirudi akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani. Mwaka 2006 alicheza katika filamu fupi ya msanii Sammy Baloji wa Lubumbashi, Mémoire, ndani ya magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines. Mwenye kutaka kujua kwa nini nasisitiza sakafu na aitazame. Mwili mmoja kati ya mashine zilizokufa. Mahali kama pale mchezaji anakanyaga vyuma, vioo na saruji iliyovunjika, na suala la kiatu halina tena urembo wala nadharia.

Lubumbashi ilimtoa pia mcheza dansi Dorine Mokha, aliyefariki Januari 2021 akiwa bado kijana sana, akiwa ametunga pamoja na mwanamuziki wa Uswisi Elia Rediger kazi ya jukwaani juu ya migodi yetu, Hercule de Lubumbashi. Kifo chake kiliacha pengo ambalo sioni likizibwa haraka.

Wengi wa kizazi hiki walifunzwa katika warsha zilizolipiwa na taasisi za Ulaya, kwenye sakafu ya mbao au ya linoliamu, miguu mitupu. Hapo mwalimu anaposema vua viatu, anarudisha ugomvi wa Isadora dhidi ya satini. Ni ugomvi wa heshima. Lakini kijana wa mitaa ya Kasulo au Musonoi hapa Kolwezi hakuwahi kubanwa na satini. Babu yake alibanwa na amri ya kwenda pekupeku. Kijana huyu akija mazoezini na raba zake nyeupe alizozisugua kwa mswaki na sabuni ya unga mpaka kwenye mishono, mwalimu akamwambia avivue ndipo atakuwa msanii, kuna kitu kinapotea ambacho mwalimu hakukiona kikiingia mlangoni.

Na kuna suala la ardhi yenyewe. Mnakumbuka Kasulo ilivyokuwa tangu 2014, madini yalipogunduliwa chini ya nyumba na watu wakachimba hadi sebuleni. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Célestin Banza Lubaba Nkulu akiwa mwandishi wa kwanza, walichapisha matokeo ya vipimo walivyochukua hapo. Kobalti ilikuwa nyingi kwenye vumbi la nyumba, nyingi kwenye mikojo ya wakazi, na kwa watoto ilikuwa nyingi zaidi. Mafundisho ya dansi ya kisasa yanasema ardhi ni mwenzako, lala juu yake, viringika, pumua nayo. Waliosema hivyo hawakuwa wakilala juu ya vumbi la Kasulo. Mwalimu wa dansi wa hapa ana wajibu ambao Martha Graham hakuwa nao: amwage maji na kufagia kabla ya mazoezi, atandike turubai safi akilipata, aamue ni nani atacheza pekupeku na wapi, na aoshe miguu ya wanafunzi baadaye. Vidonda vya nyayo, ile mipasuko niliyoitaja, hapa visichukuliwe kama nishani ya bidii.

Kazi ambayo bado sijaiona, na ambayo ningependa kulipa kiingilio niione, ni ya kurudisha ile hatua ya kalela ya kuburuta na kuijaribu na viatu vya leo: raba, kandambili za wachimbaji wadogo, buti zenye chuma puani zinazotolewa na kampuni kubwa kwa wenye mkataba. Kila kimoja kitatunga hatua yake. Kandambili humlazimisha mtu akunje vidole ili isichomoke, na kwa hiyo paja linafanya kazi tofauti. Anayepanda ngazi za udongo za shimo akiwa nayo anajua. Buti yenye chuma huchelewesha mguu kurudi chini. Na katika mji huu aina ya kiatu inaonyesha kwa mbali nani ameajiriwa na nani anaingia mgodini kwa kuruka ukuta, kwa hiyo watatu wakisimama jukwaani bila kutamka neno, kila mtu ukumbini atakuwa ameshaanza kusoma.

Nimemaliza muda wangu na kidogo cha mwenyekiti. Maswali, na ningeomba yaanze kwa wacheza dansi walioketi kule nyuma kabla maprofesa hawajachukua kipaza sauti.